Tufe la Kombo

Wifi yangu alizaliwa miguu mbele,
wakamwita Mwanakombo, basi,
na jina likakaa kuungoja mchezo wake
miaka ishirini na sita.

Kikwajuni, nyuma ya klabu waliyoiacha Waingereza,
palikuwa na kiwanja cha nyasi fupi
kama kichwa cha mtoto aliyetolewa arubaini,
na kabati lenye matufe kumi na moja.
La kumi na mbili halijulikani liliko.
Wapo wanaosema kuna mtu Miembeni
analipondea kungumanga.

Yeye alikuwa mfagiaji pale.
Siku moja akalisukuma moja kwa mguu:
likaenda, likapinda, likarudi ubavuni
kama mtu aliyekumbuka kaacha jiko linawaka.
"Hili limelewa," akasema.
Halikulewa. Limechongwa hivyo,
ubavu mmoja mzito kuliko mwenziwe.
Ukitaka lifike, litume pembeni,
kwa jirani,
kisha usubiri likumbuke.
Na kule mwisho kipira cheupe,
sisi tukikiita mwali,
maana kila tufe linataka kukaa karibu naye.

Nyumbani alifanyia mazoezi mabalungi.
Sakafu yetu ina mteremko.
Mwaka mzima tulikula mabalungi yaliyopondeka.

Kaka yangu Silima, mumewe, alinuna:
mwanamke kuinama mbele za watu!
Ikaja barua, Gaborone, sare nyeupe tupu.
Pesa ya sare haikuja na barua.
Wifi akaikata kanzu ya Silima, ile ya Ijumaa,
akashona mpaka alfajiri,
na Ijumaa ile kaka alikwenda msikitini na shati la kazini,
gundi ya mbao kwenye kola.
Hakusema kitu.
Jumapili akaleta mvule, akachonga sanduku,
vyumba vinne, sawasawa kwa upana,
kama mtu mwenye wake wanne na anamuogopa Mungu.

Gaborone, shaba.
Ndola, fedha.
Blantyre, dhahabu, na malaria.
Brisbane hakupata kitu: nyasi za kule, anasema, kioo;
tufe lishaanguka mtaroni
wewe bado hujanyoosha mgongo.

Redio ikatangaza bingwa wa kurusha tufe.
Mtaa mzima ukaja kumtazama mikono,
wakaondoka wananong'ona, mbona myembamba.
Na kijana wa forodha, alipolifungua sanduku:
"Bi mkubwa, hizi risasi za mzinga?"
"Naam. Mzinga ni mimi."

Glasgow sikuwepo. Nasimulia alivyosimulia,
na yeye husimulia mara moja tu.
Fainali, tufe la mwisho, mvua nyembamba.
Lake na la yule mwanamke wa Wales
yamemkalia mwali huku na huku,
mwamuzi kapiga magoti na kamba yake,
kapima, kapima tena.
Lake. Kwa unene wa ukucha.
Watu wakaanza kupiga makofi.
Akainua mkono.
"Nilipopita, pindo limemgusa mwali."
Pindo la kanzu ya Silima,
aliyoivaa juu ya sare mpya, kwa mazoea.

Nikamuuliza, nani aliona?
Akaniuliza, wali umeiva?

Sasa nyonga inamsumbua, anateremka ngazi kwa ubavu.
Wasichana wa skuli huja saa kumi, viatu mkononi,
matufe hayatoshi, wengine anawapa mabalungi.
"Usilisukume. Liage."
Anagomba, anacheka, anagomba.
Medali ziko ndani ya bati la biskuti, na sindano.

Mwezi uliopita nilimleta fundi
kusawazisha sakafu, nimechoka kupigwa na mteremko.
Wifi akampa chai, akampa nauli,
akamrudisha kwao Fuoni na simenti yake.

Sikusema kitu. Ndivyo tulivyo sisi, ukoo wetu.

Usiku nalisikia balungi likipita ukumbini,
linakuja moja kwa moja mlangoni kwangu,
halafu linabadili nia.
Linasita.
Nabana pumzi kitandani, mtu mzima mimi,
mpaka lisikike limegusa kitu.